Umepita wapi? Kwa vijana wapya mnaofuatilia miswada ya Albany

Juzi mmoja wenu, simtaji kwa sababu anajijua, alirusha kwenye kundi la WhatsApp la Wakongo na Warundi wa Buffalo kwamba muswada wa leseni "umepita, Mungu ni mkubwa". Sijamaliza hata chai, akina mama wameanza kunipigia: twende dirisha gani, tubebe karatasi gani? Umepita wapi, mdogo wangu? Umepita kamati moja ya Asembli, baraza la chini la Bunge la jimbo la New York kule Albany. Bado kamati ya Codes, maana una adhabu ndani yake, na chenye adhabu hakikwepi Codes. Bado Ways and Means, kamati ya fedha, maana una gharama. Bado ukumbi wa Asembli, bado Seneti na muswada pacha wake, bado meza ya gavana. Na huu ni Machi, mwezi ambao Albany nzima haina habari na chochote ila bajeti.

Nawapenda, msinielewe vibaya. Kiswahili chenu kizuri, video zenu watu wanazitazama, na hamuogopi kugonga mlango wa seneta. Ila makosa mnayoyafanya ni yale yale ya kila msimu, na mimi nimechoka kuyaeleza huku nikihema kwenye korido ndefu ya chini kwa chini kutoka Plaza, kwenye majengo ya ofisi za serikali, kwenda Capitol, jengo la Bunge. Basi nayaandika.

1. Mabano si mapambo. Kilichopigiwa mstari ni kipya. Kilichomo ndani ya mabano ya mraba ni sheria ya zamani inayoondolewa. Maelezo hayo yako chini ya ukurasa wa kwanza wa kila muswada, kwa herufi ndogo, na hakuna anayeyasoma. Tumewahi kupata muhtasari mzima ulioandikwa kutoka ndani ya mabano. Ulikuwa muhtasari mzuri sana wa sheria inayozikwa.

2. Herufi mwishoni mwa namba. Muswada ukirekebishwa unachapwa upya na kupewa A, kisha B, kisha C. Ukitaja namba bila herufi, hujataja kitu. Na kila baada ya miaka 2 Bunge jipya likianza, miswada ambayo haikumaliza safari inakufa na namba zake. Kuna vipeperushi bado vinazunguka makanisani vyenye namba za bunge lililopita. Msaidizi wa seneta akipewa kimoja anatabasamu, anasema asante, na ziara yenu imeishia hapo.

3. Bajeti si hesabu za pesa peke yake. Hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka wa fedha wa New York unaanza tarehe 1 Aprili, wakati karibu majimbo yote mengine ya Marekani yanasubiri Julai. Gavana anatoa mapendekezo yake Januari, kila baraza linatoa jibu lake katikati ya Machi, halafu watu watatu wanajifungia: gavana, spika wa Asembli na kiongozi wa walio wengi Seneti. Katiba ya jimbo inataka muswada ukae kwenye meza za wabunge siku 3 kabla ya kura. Lakini gavana akitoa hati ya ulazima, siku hizo zinayeyuka. Kurasa mamia zinachapwa jioni, kura inapigwa usiku, na nyinyi mnaamka asubuhi mnaniuliza kimeamuliwa nini.

Kwa nini sheria za jinai zinaishia humo? Kwa sababu bajeti ndiyo daladala ya mwisho usiku: kila mwenye mzigo anajua ikiondoka bila yeye, analala stendi. Raise the Age, iliyowatoa vijana wa miaka 16 na 17 kwenye mkumbo wa kushtakiwa moja kwa moja kama watu wazima, ilipita ndani ya bajeti ya 2017. Mageuzi ya dhamana yalipita ndani ya bajeti ya 2019. Na hebu kisieni yalikaa wapi. Yalikaa kwenye muswada wa mapato! Sura ya 59 ya sheria za 2019, Sehemu ya JJJ, jirani na mambo ya kodi. Aliyekuwa anayatafuta kwenye PPGG, muswada mwingine wa bajeti, kwa kuwa jina lake lina "ulinzi wa umma" alitafuta mpaka macho yakamtoka. Yalirekebishwa tena 2020, 2022 na 2023, kila mara ndani ya bajeti. Mwaka 2023 bajeti ilichelewa mpaka Mei, na dhamana ilikuwa miongoni mwa yaliyoikwamisha. Mwaka 2025 ikachelewa tena mpaka Mei, safari hii kukiwa na mvutano juu ya waendesha mashtaka kukabidhi ushahidi kwa upande wa utetezi.

Kwa hiyo: neno lenu litafuteni ndani ya miswada yote ya bajeti, sehemu kwa sehemu, mpaka zile zenye herufi tatu. Msiamini kichwa cha muswada.

4. Siku moja. Bajeti hiyo hiyo ya 2019, Sura ya 55, Sehemu ya OO, ilipunguza adhabu ya juu ya kosa dogo la daraja A kutoka mwaka mmoja hadi siku 364. Kila msimu kuna kijana anayeniuliza kama ni kosa la uchapaji. Nilimwona mtafsiri mmoja, mtu msomi kabisa, akaiandika "mwaka mmoja" ili isomeke vizuri.

Siku hiyo moja ndiyo sheria yenyewe. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho, kwa baadhi ya makosa, haiangalii ulifungwa muda gani. Inaangalia kama kosa lako lingeweza kukufunga mwaka mmoja au zaidi. Jirani yako mwenye grin kadi anaweza asilale ndani hata usiku mmoja, na bado kosa lake likamfungulia njia ya kufukuzwa nchini kwa sababu tu kitabu kilisema "mwaka". Wabunge wa Albany hawawezi kugusa sheria ya Washington, wakagusa ya kwao, kwa siku moja. Ukikuta tarakimu ndani ya muswada, usiizungushe, usiirembe.

5. Kifungu cha mwisho kisomwe kwanza. Sheria ina siku ya kusainiwa, siku ya kuanza, na siku ya kumfikia mtu dirishani. Ni siku tatu tofauti, na mimi nilizijua kwa gharama ya mtu mwingine.

Tarehe 16 Novemba 2023 gavana Hochul alisaini Clean Slate, sheria ya kufunga rekodi za hatia za zamani. Tulikuwa tumeifukuzia kwa muda mrefu. Ilipopita Juni nilikaa kwenye ngazi za Capitol nikalia kama mtoto. Usiku wa kusainiwa sikulala. Niliandika kipeperushi cha Kiswahili, nikakichapa kwenye karatasi ya kijani, namba yangu ya simu nikaiweka chini. Kichwa cha habari: REKODI YAKO IMEFUNGWA. Nikaeleza vizuri: kosa dogo baada ya miaka 3, kosa kubwa baada ya miaka 8, huhitaji wakili, huhitaji kuomba, inajifunga yenyewe. Mengi yalikuwa sahihi isipokuwa wakati.

Kifungu cha mwisho kilisema sheria inaanza mwaka mmoja baadaye, yaani 16 Novemba 2024, na mahakama zimepewa mpaka Novemba 2027 kutengeneza mfumo na kuzifunga rekodi zinazostahili. Msidhani sikukiona. Nilikisoma. Niliona kitawapoza watu, nikakiweka nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo. Watu wakafotokopi upande wa mbele.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Uvira. Alikuwa na kosa dogo la zamani, ugomvi wa maegesho uliofika kwenye kushikana mashati. Alikuwa anaomba kusajiliwa kuwa mlinzi. Ameshamaliza mafunzo ya saa 8, ameshalipa ada, na kuna mahali wamemwahidi kazi ya usiku. Fomu ikamwuliza kama amewahi kutiwa hatiani. Akaweka alama kwenye HAPANA. Alama za vidole vyake zikasema NDIYO.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba angesema ukweli huenda asingekwama. Ibara ya 23-A ya sheria ya magereza ipo tangu 1976: ofisi ya leseni haitakiwi kumnyima mtu kwa sababu tu ana hatia ya zamani. Inapaswa kupima kosa lina umri gani, uzito gani, lina uhusiano gani na kazi, na mtu ameishi vipi tangu hapo. Kushikana mashati kwenye maegesho, miaka mingi nyuma, mzee wa kanisa, wajukuu saba. Hiyo ni kesi ya kuandika barua ukiwa unasikiliza redio. Lakini kudanganya kwenye fomu ya leseni ya ulinzi ni jambo jingine, jipya, la mwaka huo huo.

Nilimsindikiza kwenye kikao cha kujieleza. Alivaa suti aliyoozeshea mwanawe. Afisa akamwuliza kwa nini aliandika hapana. Mzee hakujitetea. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi ya kijani iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Afisa hasomi Kiswahili. Akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimejitolea kumkalimania, akaniomba nimsomee. Nikasoma kichwa changu mwenyewe cha habari, kwa Kiingereza, kwa sauti. Kisha akauliza, kwa adabu tu, namba ile ya chini ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Tulipotoka nje mzee aliniambia, "Binti yangu, mimi sikudanganya. Nilikuamini." Hakukasirika. Angekasirika ningepona mapema.

Alinyimwa. Ile kazi ya usiku akapewa mwingine, na majira yote ya baridi yaliyofuata akayamalizia kwenye kuosha vyombo. Baadaye aliomba upya, akaandika NDIYO, tukaambatanisha maelezo ya kosa, barua ya mchungaji, na barua yangu nikieleza kile kipeperushi kilitoka kwa nani. Akapata. Ananisalimia vizuri, na akipokea karatasi yoyote kutoka ofisini kwetu siku hizi anaigeuza kwanza nyuma.

Na hata sasa, sheria ikiwa imeshaanza, msiandike "imefungwa" mkaishia hapo. Uhamiaji wa shirikisho haufungwi macho na sheria ya jimbo. Kazi za watoto na za watu wasiojiweza, pale sheria inapotaka alama za vidole, bado zinaiona. Makosa ya ngono hayamo. Mwenye kifungo cha nje hafungiwi mpaka akimalize. Asiye raia aone wakili wa uhamiaji kabla hajaweka alama kwenye fomu yoyote.

6. Albany inapitisha, kaunti inafungua dirisha. Sheria ya Green Light, iliyoruhusu leseni ya udereva bila kuuliza hali ya uhamiaji, ilipita na kusainiwa Juni 2019, ikaanza Desemba. Huku kwetu ofisi za leseni za udereva zinaendeshwa na makarani wa kaunti, na karani wa Erie, kaunti yetu, alikwenda mahakamani kuipinga. Alishindwa, lakini jamani, muulizeni mtu aliyekuwa kwenye foleni wakati huo alijisikiaje. Kabla hujatangaza, piga simu dirishani, mwulize mhudumu mwenyewe anataka karatasi zipi.

7. Desemba si mwisho. Miswada mingi inayopita Juni husainiwa karibu na Krismasi, na gavana akisaini mara nyingi ameshakubaliana na wabunge kwamba Januari watairekebisha. Rekebisho hilo huja kama muswada mwingine, mfupi, usio na waandishi wa habari, na linaweza kuondoa sentensi ile ile uliyoishangilia. Ufuatilieni mpaka Machi.

8. Chakula kwenye Plaza ni ghali na pilau hakuna. Bebeni.

Jumanne tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, na dereva hasubiri mtu. Kila mmoja aje na muswada wake umechapwa, namba na herufi yake, kifungu cha mwisho kimepigwa mstari mwekundu. Nitakagua ndani ya basi kabla hatujafika Syracuse. Asiye nao atakaa kiti cha pembeni yangu mpaka Albany, na mimi nikiwa safarini huwa naongea.