Mishale yangu hupanda na kushuka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kulenga shabaha kwa upinde wa mbao usio na kifaa cha kulengea. Mishale ya mwanzo hukaribiana, lakini baadaye mmoja hupita juu na mwingine huanguka chini, ingawa ninafanya mazoezi kwa saa nyingi. Ninakosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, mishale inapotofautiana kwa kimo, jambo la kwanza la kuchunguza ni mkono unaovuta ugwe. Ukivuta pungufu, hata kwa sentimita 2 tu, mshale hutoka na nguvu ndogo na kushuka mapema. Tena, kwa kuwa upinde wako hauna kifaa cha kulengea, umbali kati ya jicho na mkia wa mshale ndio unaoamua mshale uelekee juu kiasi gani, hivyo mkono ukishuka kidogo chini ya shavu, mshale hupanda. Chagua mahali pamoja, kwa mfano ncha ya kidole cha shahada iguse pembe ya mdomo, na usiachie ugwe kabla kidole hakijafika hapo.

Baada ya hapo, iweke kando shabaha kwa majuma kadhaa. Nchini Japani, wanafunzi wa kyudo, yaani sanaa ya upinde ya huko, huanza kwa kupiga makiwara, yaani robota la mabua makavu ya mpunga, wakisimama umbali wa takriban mita 2, kabla ya kuipiga shabaha yenye kipenyo cha sentimita 36 iliyo mita 28 mbele yao. Na hata mabingwa hurudi kwenye robota hilo, kwa sababu hapo hakuna hofu ya kukosa, na akili yote hubaki kwenye mkao, kuvuta na kuachia. Sijui zoezi linalozidi hili kwa manufaa.

Kuhusu hizo saa nyingi, nakusihi uzipunguze. Misuli ya mgongo ikichoka, mkono huachia kabla ya wakati, na mwili hujifunza kosa hilo kama unavyojifunza jambo jema. Ukitetemeka tangu mishale ya mwanzo, tafuta upinde ulio mwepesi zaidi kuvuta.

Mwisho, iandike mishale yako namba. Mshale ule ule ukipotoka kila siku, wenyewe ndio wenye kasoro, pengine ya uzito au ugumu wa ufito, nao uondolewe podoni.