Maswali na majibu: Keki, pudini na meza ya siku ya kuzaliwa

Maswali kuhusu vitindamlo vya kupika nyumbani yamekuwa mengi, na zaidi ya nusu yanahusu siku ya kuzaliwa. Nimechagua yale yanayojirudia. Nina ombi moja kwa wote: kabla hujatafuta kichocheo, muulize mwenye siku yake anapenda kula nini. Watu huhangaika usiku kucha na keki ya ghorofa tatu, kumbe mlengwa moyo wake uko kwenye bakuli la kastadi.

Swali: Keki yangu inaumuka vizuri ndani ya oveni, lakini nikiitoa inabonyea katikati. Nimebadilisha unga, nimebadilisha siagi, hali ni ile ile. Tatizo ni nini?

Jibu: Unga na siagi yako viache kama vilivyo. Keki ikibonyea katikati, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: haijaiva, oveni ilifunguliwa mapema, au bekingi pauda imezidi.

Kinachoinua keki ni viputo vya hewa na mvuke vinavyotanuka kwa joto. Kinachoifanya ibaki juu ni mayai yaliyoganda na wanga wa unga uliokwisha kukaza. Ukifungua mlango kabla hayo mawili hayajatimia, joto linashuka, viputo vinasinyaa, na kuta zake bado laini haziwezi kujishikilia. Katikati huiva mwisho, ndiyo maana ndipo panapoporomoka. Kwa keki ya dakika 40, usiguse mlango wa oveni dakika 30 za mwanzo, hata kama harufu inakuita.

Baada ya hapo, usiiamini saa peke yake. Tazama kingo: zimeanza kuachana na treya? Bonyeza katikati taratibu kwa ncha ya kidole: panarudi juu, au panaacha alama? Chomeka kijiti, kikitoka na chembe mbili tatu ni sawa, kikitoka na rojo irudishe. Halafu inamisha sikio karibu na keki. Ambayo haijaiva husikika ikitoa vimlio vidogo vya kuchemka ndani, na iliyoiva huwa imekaribia kunyamaza kabisa. Mpishi aliyezoea husikiliza kabla ya kuchomeka kijiti.

Kuhusu bekingi pauda, kipimo salama ni kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 125 za unga. Ikizidi, viputo vinakuwa vikubwa, vinaungana na kupasuka, na keki inashuka hata kama hukuigusa. Na kama kopo limekaa sana, lijaribu: tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Kama haitoi povu kwa kishindo, itupe.

Swali: Kichocheo changu ni cha treya ya duara ya sentimita 20. Nataka kutumia ya sentimita 28 kwa sababu wageni wameongezeka. Niongeze robo?

Jibu: Robo haitatosha hata kidogo. Kinachohesabiwa ni eneo la treya, si upana wake. Treya ya sentimita 20 ina eneo la takriban sentimita za mraba 314. Ya 28 ina 616, yaani karibu mara mbili. Kwa hiyo zidisha kila kitu kwa mbili. Hata kutoka 20 kwenda 23, tofauti inayoonekana ndogo kwa macho, unahitaji theluthi moja zaidi.

Ila mimi ningekushauri uoke keki mbili za sentimita 20. Keki pana huchelewa kuiva katikati huku pembeni ikikauka, na mbili unaweza kuzipandanisha ukaweka jemu au krimu kati. Kama unataka kipimo ambacho hakihitaji kichocheo, pima mayai manne na maganda yake kwenye mizani, kisha chukua siagi, sukari na unga, kila kimoja uzito ule ule, na bekingi pauda kwa kipimo nilichotaja juu. Mayai na siagi visiwe vya baridi. Siagi ikubali kubonyea kwa kidole bila kuyeyuka, uipige na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kisha utie mayai moja moja. Yakitoka friji moja kwa moja, mchanganyiko utakatika.

Swali: Binti yangu anatimiza miaka sita na ana mzio wa mayai. Mwaka jana tulimpikia keki yake ndogo pembeni, akalia kwa sababu wenzake walikuwa na nyingine. Nifanyeje safari hii?

Jibu: Mama, oka keki moja isiyo na yai, wote waile hiyo hiyo. Hakuna haja ya mwenye sherehe kuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Na watoto wengine hawatajua tofauti.

Kumpikia unayempenda kitu ambacho mwili wake unakikubali kumeleta mengi jikoni. Mwaka 1837 mkemia wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, alitengeneza kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai kwa sababu mke wake alikuwa na mzio wa mayai. Miaka michache baadaye, mwaka 1843, akatengeneza bekingi pauda kwa ajili ya mke huyo huyo, maana hata hamira ilikuwa inamdhuru. Kwa hiyo kastadi ya unga tunayokoroga leo, chanzo chake ni shida kama ya binti yako.

Keki yenyewe ni hii. Chunga pamoja gramu 190 za unga wa ngano, vijiko vitatu vya chakula vya kakao, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Changanya na gramu 200 za sukari. Tia mililita 240 za maji, mililita 80 za mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, kijiko kimoja cha chakula cha siki na kijiko cha chai cha vanila. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi, usiendelee. Mimina mara moja kwenye treya ya mraba ya sentimita 20 na uoke kwa nyuzi 180, dakika 30 hadi 35. Siki na soda zikikutana hutoa gesi hapo hapo, ndiyo maana mchanganyiko haungoji. Ladha ya siki haibaki.

Soma pia vibandiko vya mapambo na chokoleti, kwa sababu baadhi vina ute wa yai. Osha vyombo vyote kabla ya kuanza, na kama kutakuwa na vitafunwa vingine vyenye yai, kisu cha keki yake kisiguse kwingine.

Swali: Jeli yangu ya nanasi imekataa kuganda. Nimeiacha friji usiku mzima.

Jibu: Haitaganda hata ukiiacha wiki. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini, inayogandisha jeli, ni protini. Papai na kiwi ni vivyo hivyo. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache kabla ya kuvitia, au tumia la kopo, ambalo limeshapikwa. Ukitumia agari badala ya jelatini, inayotokana na mwani, matunda haya hayaisumbui, ila lazima uichemshe kabisa ndipo iyeyuke.

Swali: Nilikuwa nayeyusha chokoleti ya kumwagia juu ya keki, ghafla ikawa donge kavu. Nimeitupa. Ingeokolewa?

Jibu: Ingeokolewa. Tone moja la maji au mvuke limeingia: unyevu kidogo hushikamanisha chembe za kakao na sukari. Dawa yake inashangaza wengi: ongeza maji ya moto au krimu ya moto, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga. Italainika na kung'aa. Haitafaa tena kukauka ikawa ngumu, lakini itakuwa sosi nzuri ya kumwagia. Safari nyingine pasha krimu karibu ichemke, imwagie chokoleti ya uzito sawa iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, kisha koroga.

Swali: Mama yetu anatimiza miaka 70 na ana kisukari. Dada yangu anasema tutumie asali badala ya sukari. Mimi nasema tusipike kitu kitamu kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Samahanini, hakuna. Asali ni sukari pia, na hupandisha sukari kwenye damu kama nyingine. Sukari ya kahawia nayo ni hivyo hivyo, na juisi ya matunda haina nafuu. Lakini kumwekea mtu mzima meza tupu siku yake, kana kwamba ugonjwa ndio unaosherehekewa, si sawa.

Mama mwenyewe ndiye anayejua mwili wake, na kama anatumia dawa au insulini anajua kipimo alichopewa na daktari. Muulizeni. Wengi wenye kisukari hula kipande kidogo cha keki mwisho wa mlo kamili, si kabla, na mlo wenyewe unapunguziwa wanga ili kuachia nafasi.

Mkioka, punguzeni sukari kwa robo. Keki nyingi za siagi hustahimili hilo bila kuharibika. Msizidishe, kwa sababu sukari haileti utamu tu, hushika unyevu na kuipa keki rangi. Achaneni na krimu ya sukari juu. Mtindi mzito usio na sukari, zabibu freshi zilizokatwa katikati na lozi zilizokaangwa kavu zikavunjwavunjwa zinapendeza kwa macho na kwa mdomo. Na kateni vipande vidogo kwa kila mtu, si kwa mama peke yake, ili asihisi anapimiwa.

Swali: Mtoto anatimiza mwaka mmoja. Nataka keki ya asali yenye lozi nzima juu. Kutakuwa na mtoto mwingine wa miezi saba.

Jibu: Aliye chini ya miezi 12 asipewe asali, hata iliyookwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli) ambavyo joto la oveni haliviui. Lozi nzima ziondoe kabisa: karanga na jamii yake zikiwa nzima huweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano. Zisage.

Swali: Ni kweli kupuliza mishumaa kunaeneza vijidudu kwenye keki?

Jibu: Ni kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walilipima jambo hilo mwaka 2017 wakakuta bakteria juu ya aisingi (krimu ya sukari inayopakwa juu ya keki) wameongezeka kwa wastani wa asilimia 1,400 baada ya kupuliza. Kwa watu wenye afya hatari ni ndogo. Mwenye siku akiwa na mafua, chomeka mishumaa kwenye keki ndogo ya kikombe, apulize hiyo na aile yeye.

Swali: Ninarudi kazini jioni na sherehe ni usiku huo huo. Nipike lini?

Jibu: Oka jana yake. Keki ikipoa kabisa, ifunge vizuri kwa karatasi ya plastiki na uiache nje ya friji, kwa sababu baridi ya friji hukaza wanga na keki inakuwa kavu mapema. Ukitaka kuoka wiki moja kabla, igandishe kwenye friza ikiwa imefungwa mara mbili. Krimu ipige siku yenyewe: iwe na mafuta asilimia 30 au zaidi, iwe baridi sana, na bakuli nalo liwe baridi. Acha kupiga mara inaposimama. Dakika moja zaidi inageuka siagi. Keki ikishapakwa krimu, irudi friji, na mezani isikae zaidi ya saa mbili, au saa moja kama joto limepita nyuzi 32.

Swali: Sina oveni. Nimpikie nini mume wangu ambaye hapendi keki hata hivyo?

Jibu: Dada, una bahati. Mpikie pudini ya mayai ya mvuke, na uipike usiku wa kuamkia siku yake, kwani inahitaji kulala friji.

Anza na karameli. Tia gramu 100 za sukari na vijiko viwili vya maji kwenye sufuria ndogo, moto wa wastani. Usikoroge, zungusha sufuria tu, na tone la ndimu litaizuia isirudi kuwa chembe. Mwanzo itachemka ikiwa nyeupe na mapovu makubwa. Kisha mapovu yatakuwa madogo na mazito, pembeni patageuka rangi ya majani makavu, na kutoka hapo mambo yanakwenda haraka. Ikifika kahawia inayoelekea nyekundu, na moshi mwembamba unaanza kuonekana, mimina upesi kwenye bakuli lisilopasuka kwa moto na ulizungushe ifunike chini. Ukiimimina mapema itakuwa tamu tu bila ladha. Ukichelewa nusu dakika itakuwa chungu.

Pasha mililita 500 za maziwa mpaka yatoe mvuke. Kwenye bakuli jingine changanya mayai manne na gramu 100 za sukari kwa mchapo (kifaa cha kupigia mayai), taratibu, usitengeneze povu. Mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga ili mayai yasiive ghafla, tia vanila, na uchuje juu ya karameli. Funika kwa karatasi ya foili ili matone ya mvuke yasidondokee ndani.

Weka kwenye sufuria kubwa yenye maji yanayofika nusu ya bakuli, ukitanguliza kitambaa chini. Moto uwe mdogo, maji yatikisike bila kutokota. Huu ndio moyo wa pudini: maji yakichemka kwa nguvu, mayai yanakaza na kutoa maji, na ukikata utakuta matundu kama sifongo. Angalia baada ya dakika 35. Pembeni pawe pamesimama na katikati patikisike kidogo ukigusa bakuli. Patamalizia kuganda pakipoa.

Asubuhi pitisha kisu pembeni, funika kwa sahani yenye kina na ugeuze kwa mkupuo mmoja. Karameli ikibaki imegandia chini ya bakuli, tia vijiko viwili vya maji, pasha mpaka iyeyuke, na mchuzi huo ukishapoa, umwagie juu ya pudini.