Re: Mafuta ya kung'arisha yasiyo na lebo, ni salama?

Dada angu, hayo mafuta uliyonunua Kariakoo, yaliyokutakatisha ndani ya wiki huku muuzaji anasema ni mitishamba tupu, acha kuyapaka kwanza. Geuza kopo usome. Kama hamna viambato, jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha muda, huo ni mkorogo tu. Ukikuta imeandikwa hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol au betamethasone, weka chini, havitakiwi kwenye vipodozi hapa Bongo.

Hizo mbili za mwisho ni steroidi, dawa za hospitali kabisa, zinatakatisha fasta ndo maana watu wanazipenda, ila ukikaa nazo ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana mashavuni, chunusi zinafumuka, na ukija kuacha uso unawaka na kuwasha vibaya sana, wengi hapo wanarudi kupaka tena. Ikikutokea nenda kwa daktari wa ngozi, na hilo kopo usilitupe, nenda nalo alione.

Zebaki, yaani hiyo mercury (na calomel ni aina yake), ndo inanitisha zaidi. Inapenya kwenye ngozi inaenda kuumiza figo, na mjamzito akipaka inamfikia mtoto tumboni, hata wa nyumbani wanaotumia taulo na mto mmoja na wewe inaweza kuwafikia. Kama una mimba au unanyonyesha kacheki hospitali wiki hii hii jamani.

Halafu umeuliza kuhusu kulalamika TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, hiyo haipo tena, tangu 2019 vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, malalamiko peleka huko na utaje duka.