Kwa wanaoanza kazi ICU: kila dawa na sababu yake

Ninyi mnaoanza zamu katika vyumba vya wagonjwa mahututi hapa Nairobi mtamkuta mgonjwa mwenye mshtuko wa sepsisi (maambukizi makali yaliyoangusha shinikizo la damu) amezungukwa na pampu kadhaa, na ni rahisi kuziona dawa zote hizo kama kifurushi kimoja. Nawasihi mjizoeze mapema kuuliza kila dawa imewekwa kwa sababu gani, na ni dalili gani itakayoonyesha kwamba wakati wa kuiondoa umefika.

Antibiotiki hutangulia, ndani ya saa moja tangu mshtuko utambuliwe; damu ya kuoteshwa maabara ichukuliwe kwanza, mradi isicheleweshe dawa. Noradrenalini hukaza mishipa ili wastani wa shinikizo la damu ufikie milimita 65 za zebaki (mmHg). Dozi yake ikifika mikrogramu 0.25 hivi kwa kilo kwa dakika na shinikizo bado liko chini, huongezwa vasopresini, ambayo hukaza mishipa kupitia vipokezi vingine kabisa.

Kuhusu steroidi, kama haidrokotisoni, mtasikia mabishano, nayo yana msingi. Mwaka 2018 utafiti wa Ufaransa wenye wagonjwa 1,241 ulitumia haidrokotisoni miligramu 50 kila saa sita pamoja na fludrokotisoni ya kupitishwa kwenye mrija wa tumboni, na vifo katika siku 90 vilikuwa asilimia 43 badala ya 49.1. Mwaka huo huo utafiti mkubwa zaidi, uliotumia haidrokotisoni peke yake, haukuona tofauti ya vifo, ingawa mshtuko uliisha mapema zaidi. Mimi naona faida hiyo ya kuisha mapema inatosha kuianzisha pale dozi ya noradrenalini inapozidi kupanda, lakini sukari ya damu ipimwe bila kukosa.

Mchanganyiko wa haidrokotisoni, vitamini C na thiamini (vitamini B1) ndio unaonihuzunisha zaidi, kwa sababu ulipokelewa kwa matumaini makubwa mno. Mwaka 2017 Dkt. Paul Marik wa Marekani aliripoti vifo vya asilimia 8.5 kati ya wagonjwa 47 waliotibiwa hivyo, akiwalinganisha na 47 wa kipindi cha nyuma waliofikia asilimia 40.4. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na majaribio yaliyowagawanya hivyo baadaye hayakuiona faida hiyo. Mwaka 2022 jaribio la vitamini C peke yake lilionyesha vifo au viungo kuendelea kushindwa kwa asilimia 44.5, dhidi ya 38.5 kwa wasioipata. Isitoshe, vitamini C nyingi huzifanya baadhi ya glukomita (vifaa vidogo vya kupima sukari ya damu) kusoma sukari juu kuliko ilivyo, na muuguzi anayeamini namba hiyo anaweza kumpa insulini mgonjwa ambaye sukari yake tayari imeshuka.

Noradrenalini ikishaondolewa, ulizeni siku hiyo hiyo kama haidrokotisoni bado inahitajika, na jibu liandikwe kwenye faili kabla mgonjwa hajahamishiwa wadi ya kawaida.