Nilimwandika mtoto wa kaka yangu kuwa wangu: nikane kwenye fomu ya uraia?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nilikuja Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kwenye fomu za ukimbizi nilimwandika mtoto wa marehemu kaka yangu kuwa nimemzaa mimi, nikihofia tutatenganishwa. Sasa naomba uraia, na fomu inauliza kama nimewahi kuwapa maofisa wa serikali taarifa za uongo. Wenzangu wanasema nijibu "hapana", eti kumdanganya asiye Mwislamu si dhambi. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Si kweli, dada yangu, na hao wenzako wanakuhatarisha dini na dunia.

Sahaba Hudhayfa na baba yake walikamatwa na Makuraishi wakielekea Madina, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Vikaja vita vya Badr, Waislamu wachache, kila mkono unahitajika. Mtume akawaambia waondoke: tutawatimizia Makuraishi ahadi yao, na tutamwomba Allah msaada dhidi yao. Imo katika Sahihi Muslim. Hao walikuwa maadui wa vita! Sembuse nchi iliyokupokea ukiwa mkimbizi? Mwanachuoni Ibn Qudama naye amesema katika kitabu chake al-Mughni kwamba aliyeingia nchi ya wasio Waislamu kwa amani hana ruhusa ya kuwafanyia khiyana.

Kuhusu lile la kambini: hofu yako naielewa, na kumlea yatima ni ibada kubwa. Lakini aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao, kisha inasema hakuna lawama kwa mliyoyakosea, ila kwa yaliyokusudiwa na nyoyo. Wewe ulikusudia. Leta toba. Tena kuna hukumu zinazofuata: kijana huyo si maharimu (ndugu asiyeweza kuoana nao) wa binti zako, wala harithi kwako kama mwana wa kumzaa.

Sasa hiyo "hapana". Sheria ya Marekani, kifungu cha 1001 cha kanuni zao za jinai, humwadhibu anayesema uongo kwa makusudi katika jambo la msingi mbele ya serikali, hadi miaka 5 jela. Mwaka 1998 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba hata kukana kwa neno moja, "hapana" tupu, ni kosa. Na uraia uliopatikana kwa udanganyifu huweza kufutwa baadaye.

Toba haikulazimishi kujitangaza. Allah anapenda sitara. Ila sitara ni kunyamaza, siyo kutia sahihi uongo wa pili. Kwa hiyo usipeleke fomu hiyo bado. Tafuta kwanza mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, siyo mjazaji fomu wa mtaani, umweleze yote bila kuficha. Na kijana, ikiwa hajui, aambiwe nyumbani baba yake ni nani kabla hajalisikia kwa mwanasheria.

Wallahu a'lam.