Tunakujali, endelea kusubiri

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Mwalimu, nimerithi Biblia ya Kiingereza ya babu, ile tafsiri ya mwaka 1611. Katika Wafilipi 4:6 Paulo anasema 'Be careful for nothing'. Mbona anawahimiza watu wawe wazembe? Na neno 'reck', nililolikuta kwenye shairi la zamani, lina udugu wowote na 'reckless' ya kesi za madereva?"

Paulo hana kosa, ndugu yangu. Enzi zile "careful", ambaye leo ni mtu mwangalifu, aliweza kuwa mtu aliyejaa mashaka, mwenye kujisumbua moyo. "Care" katika Kiingereza cha kale ilikuwa "caru", nayo ilikuwa huzuni na fadhaa. Nduguye "chary", ambaye siku hizi ni mtu wa kusitasita, alianza maisha akiwa mwenye majonzi. Biblia yetu ya 1952 inakwenda moja kwa moja: "Msijisumbue kwa neno lo lote." Uangalifu wa Mwingereza, kumbe, ulizaliwa kwenye majonzi. Wetu ulizaliwa machoni, kwa kuangalia.

Na "reck" ndiyo, udugu upo. Maana yake ni kujali, na "reckless" ni asiyejali. Neno lenyewe limeshazikwa, na hata lilipokuwa hai lilipenda zaidi kukaa kwenye ukanushi: fulani "recks not", yaani hajali. Hapo ndipo uliponitonesha kidonda, maana "jali" letu lina tabia ileile, au lilikuwa nayo kabla watu wa matangazo hawajalivamia.

Sikiliza lilivyokuwa likitumika nyumbani. Hajali. Sijali. Mtoto huyu hajali mkubwa wala mdogo. Mke humwambia mumewe, "Siku hizi hunijali," na hicho ni Kiswahili safi kisicho na doa. Likikubali yakinishi, basi ni kwa ushahidi wa mtu mwingine: "Mkwe wangu ananijali, jamani." Anayejaliwa ndiye husema. Mwenye kujali hajitangazi, kama vile mtu mzima hajisifu kwamba ana adabu.

Sasa pita barabarani usome mabango. Benki inakujali. Duka la dawa linakujali. Basi lenye kipara cha tairi limeandikwa mgongoni "Tunajali usalama wako". Wiki iliyopita nilipigia simu kampuni moja, jina nalihifadhi, kuulizia salio langu lililoyeyuka usiku. Nikapokewa na sauti laini iliyorekodiwa: "Tunakujali. Tafadhali endelea kusubiri." Ukapigwa muziki. Kisha, "Tunakujali." Muziki. Nilikuwa na kalamu na bahasha kuukuu, nikaanza kuchora vistari. Vilifika 17. Yaani kwa asubuhi moja nilijaliwa mara 17, na salio lenyewe sikujaliwa kulipata.

Nani aliwaambia watu hawa kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja tu cha mambo haya? Tuna kulea, kutunza, kuhudumia, kushughulikia, na kila kimoja kina kazi yake ya mikono. Tuna kuuguza, ambacho mimi hukipenda kuliko vyote: kimetokana na kuugua, kikatiwa kiambishi cha kusababisha, ukidhani anayeuguza ndiye amewatia watu homa! Kumbe ni yule anayekaa na mgonjwa mpaka ugonjwa upite, beseni mkononi na kanga begani. (Nesi naye, kwa Kiingereza chake, asili yake ni mnyonyeshaji.) Vitenzi hivi huwezi kuvirekodi ukavicheza kwenye simu, kwa sababu mtu atauliza: umeuguza nani? Umeshughulikia nini? "Tunakujali" haiulizwi kitu. Ndiyo maana wanaipenda.

Watetezi wake huniambia lugha hukua. Naam, hata jipu hukua.

Basi, ndugu wa Morogoro, Biblia ya babu yako iache ilivyo, haina makosa ya chapa. Mwisho wa kisa changu ni kwamba baada ya kistari cha 17 aliingia binti mmoja, tena mtu wa kweli. "Shikamoo mzee, umepatwa na nini?" Nikamweleza. Akaniuliza namba, akabofya vitu vyake, akasema, "Angalia simu yako sasa." Salio limerudi, na "jali" hajalitamka hata mara moja. Nikamwambia asante sana, mwanangu.

Akajibu, "Usijali."

Nilikuwa nasubiri "karibu", kama tulivyofundishwa. Lakini salio lilikuwa limesharudi, nikanyamaza.