Rozmari na vitamini E havizuii ukungu: yaliyonikuta kwenye sirapu

Mleta mada, umeuliza kama rozmari na vitamini E vinatosha kuhifadhi sirapu yako ya tangawizi na manjano pamoja na unga wa majani unaojaza kwenye kapsuli, vikae mwaka mzima, maana wateja wanataka kila kitu kiwe cha asili. Nami nilianzia hapohapo, na iliniharibikia vibaya.

Mkupuo wangu wa kwanza ulikuwa chupa 60: asali, maji ya tangawizi mbichi, matone ya vitamini E. Wiki ya tatu chupa zikavimba, nyingine zikasukuma vifuniko, na ukifungua unakutana na harufu ya pombe. Nilishangaa, kwani asali si haiozi? Haiozi kwa sababu maji yake ni kidogo, kama asilimia 17 au 18, na vijidudu haviwezi kuyafyonza. Nilipoimiminia maji ya tangawizi, niliiondolea kinga hiyo kwa mkono wangu, chachu ikaamka.

Vitamini E ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Yenyewe na rozmari hupambana na hewa: huzuia mafuta yasichache. Kwenye mafuta ya mbegu za kitani nazitumia mpaka leo na sijutii. Ila bakteria, chachu na ukungu haviguswi nazo kwa vile viwango vidogo tunavyotia. Kwa hiyo kabla hujachagua kihifadhi, jiulize bidhaa yako itaharibiwa na nini: hewa au maji?

Sirapu yako ina maji, basi pima pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imezidi) kwa kifaa, usikadirie kwa ulimi. Chini ya 4.6 bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili, hawakui. Mimi nashusha kwa maji ya limau hadi karibu 3.5, nachemsha, najaza ikiwa ya moto. Tafadhali usilidharau hili. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kwa kula kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Kitunguu saumu na mafuta, vyote vya asili. Na kama sirapu ina asali, andika kwenye lebo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Hata hivyo asidi peke yake haizuii chachu na ukungu. Hapo natia kihifadhi kiitwacho potasiamu sorbeti kidogo, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, na ninaiandika. Wapo watakaonuna. Asidi ya sorbiki, ambayo potasiamu sorbeti ni chumvi yake, ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1859 kutoka kwenye matunda ya mti, ingawa ya leo hutengenezwa kiwandani, na mteja akiuliza namwambia hivyohivyo. Sodiamu benzoeti, kihifadhi kingine, niliiacha kwa kuwa sirapu yangu ina vitamini C. Vikikutana kwenye asidi vinaweza kuzalisha benzini, ambayo husababisha saratani.

Kuna mchangiaji amekushauri dondoo la mbegu za balungi. Naomba usikimbilie. Watafiti walipochunguza bidhaa kadhaa za aina hiyo zilizokuwa sokoni walikuta benzalkoniamu kloridi, dawa ya kuulia vijidudu kwenye nyuso za vitu, na nguvu ya kuua bakteria ilitokana na hiyo. Lile dondoo lisilochanganywa halikuonyesha nguvu yoyote. Linauma, maana watu wanalinunua kwa nia njema kabisa.

Unga wa kapsuli hauhitaji kihifadhi, unahitaji ukavu. Peleka maabara wapime maji huru, yaani maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia, kwa kipimo cha 0 hadi 1. Chini ya 0.6 hakuna kijidudu kinachokua. Angalia lakini, kutokukua si kufa. Salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hudumu miezi mingi kwenye unga mkavu. Mwaka 2018 nchini Marekani watu 199 katika majimbo 41 waliugua Salmonela iliyohusishwa na bidhaa za majani ya mti uitwao kratom. Ndiyo maana majani nayaosha kwa maji safi, nayapitisha kwenye mvuke, ndipo nakausha, na sikaushii chini kamwe.

Tarehe ya mwisho wa matumizi usiikisie. Katika kila mkupuo weka chupa kadhaa pembeni, nusu kwenye joto la kawaida na nusu mahali penye joto zaidi, fungua moja kila mwezi: onja, nusa, pima pH, na nyingine peleka maabara. Mwaka mzima unaoutaka sijawahi kuufikia kwa sirapu ya tangawizi mbichi. Mimi naandika miezi 4, na ikishafunguliwa ikae kwenye friji.